Hedisaramu Imegoma: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Mteremko ulio nyuma ya nyumba tunazopanga, chini ya milima ya Wasatch hapa Utah, ni mawe na vumbi karibu mwaka mzima. Mwezi wa sita ukikaribia, vichaka vya kimo cha goti vinafungua maua ya waridi iliyokolea, nyuki wanajaa, halafu baada ya wiki chache mlima unarudia ukijivu wake. Wenyeji wanauita mmea huo sweetvetch. Kwa wataalamu ni Hedysarum boreale. Kiswahili hakijaupa jina kwa kuwa kwetu hauoti, kwa hiyo hapa nitauita hedisaramu, na tuelewane hivyo.

Tangu wenzangu wajue kwamba naupanda, simu haitulii. Huyu yuko Denver, yule Boise, mwingine Calgary, na kila mmoja ana picha ya mche uliokunja shingo na swali lilelile: una nini huu? Mara nyingi mgonjwa ni mwangalizi. Sisi tumekulia kwenye kunde, mbaazi na maharage, na kunde ukiipalilia, ukaimwagilia na kuitupia samadi, inakulipa. Hedisaramu ni ya ukoo huohuo wa kunde, lakini ukiifanyia hayo inakufa, tena inakufa taratibu, ili udhani maji hayajatosha uongeze mengine.

Nimepanga dalili kwa kufuata umri wa mmea, ila ya kwanza si ugonjwa.

Huna hakika kama ndiyo yenyewe

Picha nyingi ninazotumiwa si hedisaramu kabisa. Maliza hili kwanza, kwa sababu baadhi ya mimea inayofanana nayo inaharibu akili za mifugo.

Kama una ganda, kazi ni nyepesi. Ganda la hedisaramu halifanani na la njegere. Ni bapa, limebanwa kati ya mbegu na mbegu, kama sarafu zilizounganishwa ukingoni. Likikauka halipasuki kwa urefu. Linakatika vipande, kila kipande na mbegu yake moja ndani. Hakuna jirani yake wa huku milimani mwenye maua ya namna hii atakayekupa ganda la hivyo.

Kama kuna maua tu, chuma moja ulipasue kwa kucha. Ua la jamii ya kunde lina petali kubwa iliyosimama nyuma, hiyo ni bendera. Mbili za pembeni, hizo ni mabawa. Na mbili za chini zilizoshikana kama jahazi, huo ni mkuku. Sasa pima mkuku na mabawa. Kwenye hedisaramu mkuku unayapita mabawa kwa urefu, na ncha yake ni butu, kama imekatwa kwa kisu. Kwenye Astragalus, mmoja wa hao wanaofanana nayo, mkuku ni mfupi kuliko mabawa. Kwenye Oxytropis, mwingine wao, ncha ya mkuku imechongoka kama mdomo wa ndege. Ukishaona mara moja kwa macho yako, hutahitaji kitabu tena.

Kuna wengine wawili wa kuwaondoa haraka. Jani likimalizikia kwa kikono cha kujisokota, hiyo ni Vicia. Ganda likiwa na mbegu moja tu na meno pembeni, hiyo ni Onobrychis, malisho yaliyoletwa kutoka Ulaya na Asia, ambayo hapa imepandwa hata kandokando ya barabara.

Mlimani inastawi, kwangu inakufa

Uliza: hedisaramu ipi, na mlima upi? Jenasi hii ina spishi zaidi ya 100, kuanzia Asia ya Kati hadi Afrika Kaskazini. Marekani Kaskazini kuna nne zinazojulikana zaidi, na hazikai nyumba moja.

Hedysarum boreale ndiyo ya wakazi wa Utah, Idaho na Colorado. Inakaa kwenye miteremko mikavu, kati ya vichaka vya sagebrush na mireteni, kwenye udongo wa kokoto wenye chokaa. Mvua ya milimita 300 hadi 450 kwa mwaka inaitosha, tena sehemu kubwa ikija kama theluji. Hedysarum alpinum ni ya kaskazini: Alaska, Yukon, milima ya Kanada, kwenye kingo za mito, kokoto zenye unyevu, misitu myepesi ya misprusi na tundra. Hedysarum occidentale inapenda mbuga za juu milimani, mahali theluji inapochelewa kuyeyuka, kama milima ya Olympic katika jimbo la Washington. Maua yake ni makubwa na yanainama. Hedysarum sulphurescens ina maua ya manjano iliyopauka, na utaikuta kwenye nyasi za vilima na misitu ya wazi ya Alberta, British Columbia, Montana na Wyoming.

Kwa hiyo yule wa Calgary aliyeokota mbegu ukingoni mwa mto akazimwaga kwenye bustani ya mawe inayopigwa jua kutwa, alikuwa na alpinum mkononi na akaitendea kama boreale. Na jamaa wa Boise alifanya kinyume: boreale aliipa kitanda cha samadi, chini ya bomba linalonyunyiza nyasi kila alfajiri. Wote wawili walidhani wana tatizo la wadudu.

Kutofautisha alpinum na boreale bila kusubiri ganda, geuza jani dogo uangalie mgongo wake. Kwenye alpinum mishipa ya pembeni inaonekana wazi. Kwenye boreale imejificha. Halafu tazama kikombe kinachoshika ua: meno yake kwenye alpinum ni mafupi na mapana kama pembetatu, kwenye boreale ni membamba na marefu.

Mbegu zimelala mwezi mzima, haioti hata moja

Hili ndilo swali linaloongoza, na karibu kila mara mbegu ni nzima. Zimefungwa tu.

Mbegu ya hedisaramu ina ganda gumu lisilopitisha maji. Ndivyo inavyojilinda isiote kwa mvua ya bahati mbaya ya mwezi wa nane ikafa kwa kiu. Juu ya hapo, mbegu nyingi unazonunua bado zimo ndani ya kile kipande cha ganda la nje, ambacho nacho kinachelewesha maji. Aliyewahi kupanda lusina nyumbani anaijua tabia hii. Ndiyo maana tunazichovya kwenye maji ya moto.

Fanya jaribio la bakuli kabla ya kulaumu duka. Toa mbegu kumi kwenye vipande vyake, ziloweke usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu. Asubuhi zihesabu. Zilizovimba zimepitisha maji na zinaweza kuota. Zilizobaki ndogo, ngumu na zinazong'aa ndizo zilizofungwa. Mara ya kwanza nilipofanya hivi mbili tu zilivimba, nane zikabaki kama changarawe. Nilikuwa nimeshapoteza msimu mzima nikimwagilia changarawe.

Dawa yake ni msasa. Weka mbegu kati ya vipande viwili vya msasa laini, sugua kidogo, simama pale mng'ao unapopotea. Usifike kwenye nyeupe ya ndani. Ukiifikia umeumiza kiini. Kisha changanya mbegu na mchanga wenye unyevu, funga kwenye mfuko, weka ndani ya friji wiki kadhaa zipate baridi zinayoitarajia. Friji, si friza.

Njia ya wavivu, ambayo siku hizi ndiyo ninayoitumia, ni kupanda mwezi wa kumi au wa kumi na moja na kuuachia msimu wa baridi kazi yote. Barafu inapasua, theluji inalowesha, na mwezi wa nne miche inajitokeza yenyewe. Kina kisizidi sentimita moja na kidogo. Ukiifukia kama mahindi, haitoki. Na ukipanda majira hayo tandaza wavu wa waya juu ya kitanda, kwa sababu panya wa mwituni wanasoma kalenda kuliko sisi.

Kama unanunua, ulizia aina iitwayo Timp. Ni boreale iliyotolewa rasmi mwaka 1994 kwa ajili ya kurudisha uoto kwenye ardhi kavu ya magharibi, na jina linatokana na mlima Timpanogos wa hapahapa Utah. Kwa Alaska haifai, lakini kwa Salt Lake au Boise itakusumbua kidogo kuliko mbegu zisizojulikana zilikotoka.

Miche imeota vizuri, kisha ikalala chini siku moja

Shina limesinyaa pale linapogusana na udongo, limekuwa jembamba kama uzi, na mche umeanguka ukiwa bado kijani. Hiki ni kinyausi, kilekile cha vitalu vya nyanya na kabichi. Kuvu wake wanapenda udongo uliolowa, hewa iliyosimama na miche iliyosongamana.

Iliyoanguka haiponi. Ing'oe, acha kumwagilia mpaka sentimita mbili za juu zikauke, ondoa kifuniko cha plastiki, punguza miche. Safari ijayo changanya udongo wa kitalu na mchanga mkavu na kokoto ndogo nusu kwa nusu, na juu kabisa weka tabaka jembamba la kokoto ili shingo ya mche isikae kwenye maji.

Majani yanageuka manjano

Hapa usikimbilie mbolea. Manjano ina visa viwili na tiba zake zinapingana.

Choma kidole kwenye udongo kwanza. Kama kumelowa na unasikia harufu ya kinamasi, mizizi inakosa hewa. Majani huwa ya manjano na malegevu, yanadondoka ukiyagusa. Sitisha maji. Kama udongo wenyewe ni wa mfinyanzi, hakuna hila ya kuuokoa mche mkubwa pale ulipo. Panda upya kwenye tuta lililoinuliwa kwa mawe. Mimi hapo nilikaidi miaka miwili.

Kama udongo ni mkavu kiasi na maji yanapita vizuri, lakini mche umedumaa, majani ya chini yamepauka yote sawasawa na hakuna kinachokua, mche una njaa ya nitrojeni. Unaweza kuuliza: mmea wa jamii ya kunde unakosaje nitrojeni na hewa yote imejaa hiyo? Unakosa kwa sababu hauifungi wenyewe. Wanaoifunga ni bakteria wanaoitwa raizobia, wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, na udongo wa bustani yako huenda hauna raizobia wanaopatana na hedisaramu.

Kagua hivi. Chagua mche mmoja wa kujitolea, chimba polepole kwa uma wa bustani, sukutua mizizi kwenye ndoo ya maji bila kuisugua. Tafuta vinundu kwenye mizizi ya pembeni. Ukivipata, kata kimoja kwa wembe. Ndani kukiwa na wekundu kama wa nyama mbichi, kinafanya kazi. Rangi hiyo inatokana na protini inayofanana na ile ya damu yetu, na kazi yake ni kuhudumia oksijeni ndani ya kinundu. Ndani kukiwa kweupe, kinundu bado kichanga au bakteria ni wageni wasiojua kazi. Kijani au kahawia, kimezeeka. Usipoona kinundu hata kimoja, jibu unalo.

Chanjo ya mbegu ya soya haitasaidia, wala ya maharage. Wale mliozoea Biofix, chanjo ya raizobia ya huko Kenya, mnajua kwamba kila zao lina paketi yake, na sababu ni hiihii: raizobia wanachagua mwenyeji. Kwenye ukoo wa hedisaramu mfano unaofahamika zaidi ni sulla, ile yenye maua mekundu inayolimwa Italia na Tunisia kwa malisho na asali. Bakteria wake ni wa pekee kiasi kwamba mwaka 2002 walipewa jina lao, Rhizobium sullae, na sulla ikipelekwa kwenye nchi mpya bila bakteria hao inakaa manjano palepale. Kwa boreale tiba iliyo karibu ni kiganja cha udongo kutoka chini ya mmea wa mwituni wenye afya, ukauchanganya kwenye shimo unapopanda. Omba ruhusa ya mwenye ardhi. Ndani ya hifadhi za taifa za Marekani hairuhusiwi kuondoka hata na jiwe, sembuse udongo na mimea.

Na ukiweka mbolea ya nitrojeni ili kuokoa jahazi? Majani yatarudi kijani, mche utaacha kujihangaisha kutengeneza vinundu, na magugu ya nyasi yatakushukuru zaidi kuliko yeyote.

Kukiwa na vipele vya rangi ya kutu mgongoni mwa majani, vinavyoacha unga kwenye kidole, hiyo ni kutu kweli, ya kuvu aitwaye Uromyces hedysari-obscuri. Kwenye bustani ndogo chuma majani hayo uyatupe mbali, halafu acha kumwagilia kwa juu. Sijawahi kuona mmea mkubwa unaokufa kwa sababu yake.

Niliung'oa mwituni na mizizi yake, umekufa

Naam. Mzizi mkuu wa hedisaramu unashuka chini moja kwa moja kati ya mawe, na ulichobeba wewe ni shingo yake tu. Usiurudie mchezo huo; sehemu nyingi ni kosa la kisheria pia. Otesha mbegu kwenye chombo kirefu, hata bomba la plastiki la sentimita 25 au 30 lililozibwa chini kwa wavu, na uhamishe mche ukiwa mdogo bila kuubomoa udongo wake.

Mwaka wa kwanza hakuna maua. Na nikipata maua sipati mbegu

La kwanza si tatizo. Mwaka wa kwanza mmea unajenga mzizi. Maua subiri mwaka wa pili au wa tatu, na kila baridi inapoingia usishtuke ukiona sehemu yote ya juu imekauka. Iko hai shingoni, usawa wa udongo. Mke wa rafiki yangu alifyeka na kung'oa kila kitu mwezi wa kumi na mbili kwa kuamini bustani imekufa. Hapo hakuna tiba ninayoijua.

Maua bila maganda ni suala la nyuki. Ua la hedisaramu linahitaji mdudu mzito kiasi wa kukandamiza mkuku ili chavua itoke. Nyuki-bambi na nyuki wapweke wa jenasi ya Osmia wanaifanya kazi hiyo vizuri. Ua linaweza kukubali chavua ya mche huohuo, lakini chavua ya jirani inaleta mbegu nyingi zaidi, kwa hiyo mche mmoja kwenye chungu barazani hautakupa kitu cha maana. Panda vitano, sita, karibukaribu, na acha kiraka cha udongo mtupu na mabua yenye uwazi mahali nyuki hao watakapojenga.

Ukikuta majani yamekatwa nusu duara safi ukingoni kama kwa mkasi, usipulize dawa! Huyo ni nyuki wa jenasi ya Megachile, anakata vipande vya kutandikia kiota chake. Ukimuua umemuua mkunga.

Maganda yapo, lakini kila kipande kina tundu dogo la duara na ndani kuna unga? Fukusi. Mmoja wao ni wa jenasi ya Acanthoscelides, jenasi ya fukusi wa maharage anayetutia hasara ghalani nyumbani. Mama yake anataga kwenye ganda bichi, funza anakula mbegu kutoka ndani, na wewe unagundua mzima akitoka. Ukishavuna, kausha mbegu vizuri kisha zitie kwenye friza wiki moja au mbili. Hapa sasa ni friza kweli. Zikiwa kavu haziumii, na fukusi waliobaki ndani watakufa. Zenye matundu elekeza kwa kuku.

Vimeliwa mpaka chini. Au kuna mashimo

Vichwa vyote vimekatwa kwa usafi wa kisu na kuna vinyesi vya duara: sungura. Vimechanwa, ncha zimebaki na nyuzi: swala wa huku, deer, ambaye hana meno ya mbele ya juu na hivyo anang'oa badala ya kukata. Hedisaramu ni tamu kwa wanyama, haina miiba wala uchungu wa kujilinda, na tofauti na alfalfa haiwavimbishi tumbo wanaocheua. Kwa hiyo uzio, miaka miwili ya mwanzo, halafu mmea unajimudu.

Mashimo ni habari nyingine. Ndugu yangu mmoja wa Alberta alinipigia akiwa matembezini karibu na Banff: udongo umefukuliwa eneo la sebule nzima, mabonge ya nyasi yamegeuzwa juu chini, kuna vipande vya mizizi minene iliyotafunwa. "Nguruwe gani wako huku?" Hakuna nguruwe. Dubu aina ya grizzly wanachimba mizizi ya sulphurescens na alpinum majira ya kuchipua kabla majani hayajatoka, na tena vuli matunda yanapokwisha porini. Udongo ukiwa bado umelowa na mizizi ina majimaji, mchimbaji hayuko mbali. Nilimwambia akate simu, arudi alikotoka kwa njia aliyoijia, taratibu, huku akiongea kwa sauti.

Mifugo inapepesuka, au mtu anataka kula mzizi

Ng'ombe au farasi anayeyumba, anayekodoa macho na kuogopa kivuli chake hajaugua kwa hedisaramu. Tafuta Oxytropis na baadhi ya Astragalus malishoni. Rudi kwenye ule mkuku uliochongoka. Sumu yenyewe ni swainsonini, na anayeitengeneza ni kuvu anayeishi ndani ya mmea. Hamisha wanyama leo hii na umwite daktari wa mifugo.

Kuhusu kula, mzizi wa alpinum ni chakula cha kale cha wenyeji wa Alaska. Wainupiati wanauita masu, wanauchimba na kuuhifadhi kwenye mafuta ya sili. Lakini wanakula mzizi, hawali mbegu, na wanaujua kwa mikono yao tangu utotoni. Mwaka 1992 kijana Mmarekani, Christopher McCandless, alikufa kando ya njia ya Stampede huko Alaska akiwa na miaka 24, na katika shajara yake alizitaja mbegu za mmea huo kuwa ndizo zilizomdhoofisha. Kwanza watu walisema alichanganya mimea. Vipimo vya Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks havikukuta sumu za aina ya alkaloidi. Mwaka 2015 ukachapishwa uchunguzi uliokuta katika mbegu hizo asidi ya amino iitwayo L-canavanine, ambayo ni sumu. Kama ndiyo iliyomuua au ni njaa tu, wanabishana mpaka leo. Ushauri wangu ni mfupi: usile sehemu yoyote ya mmea huu kwa kuongozwa na maandishi, haya yangu yakiwemo.

Nataka kupeleka mbegu nyumbani

Shangazi yangu Lushoto ameziomba mara tatu. Mara tatu nimemkatalia, na sasa ananiita mchoyo.

Kwanza, mbegu za kigeni zinahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea. Wakaguzi wa afya ya mimea utakaokutana nao ni KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania, na wana haki ya kuzichoma. Pili, hedisaramu ya huku inasubiri baridi ndefu ya theluji, na Usambara haina hiyo ya kuipa. Tatu, ukoo wenyewe tayari tunao jirani. Desmodiamu ile ya vitafunio vya ng'ombe na ya kilimo cha sukuma-vuta, ambacho watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita nchini Kenya wamekifanyia kazi miaka mingi dhidi ya gugu la kiduha na bungua wa mabua, zamani ilihesabiwa kuwa hedisaramu: aina ya majani ya fedha iliitwa Hedysarum uncinatum, na ya majani ya kijani Hedysarum intortum. Walioko Oman na Ghuba nao wanao wao. Ule mwiba wa ngamia wenye maua ya waridi, Alhagi, Linnaeus aliuita Hedysarum alhagi.

Kwa hiyo nilimwambia shangazi apite kwenye shamba la jirani yake mwenye desmodiamu, msimu wa maganda, akiwa amevaa kanga. Akifika nyumbani aikunjue upindo na kuhesabu vile vipande bapa vilivyong'ang'ania, kila kimoja na mbegu yake moja.